Kuta Zilizorudi Nyeupe

Alhamdulillahi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa mwanga kabla hatujauomba na akatupa macho ya kuuonea. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu pamoja na jamaa zake. Ninamshukuru kwa umri huu mrefu alionijaalia, na kwa kuniachia kumbukumbu zangu hata baada ya miguu kuanza kuniasi. Kwa idhini yake nitasimulia habari za chumba kimoja na msimu mmoja, nilipokuwa mtoto wa chuoni, bado naisoma juzuu ya kwanza.

Rangi mbichi ya ukutani ina harufu kali inayokaa nyuma ya koo. Watu wengi wakiisikia hufurahi, kwa sababu wanajua nyumba inapendezeshwa. Mimi hunishika wasiwasi. Kwangu harufu hiyo haiji peke yake. Huja na moshi wa ubani, na mafuta ya taa, na mvuke wa majani ya mwarobaini yaliyochemshwa kumkandia mzazi, na kabla sijajua ninalolifanya huwa nimekwisha geuka kutafuta dirisha liko wapi.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma kidogo ya Msambweni, ya mawe na udongo, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Vyumba vya nyumba zile vilikuwa na giza hata adhuhuri, maana madirisha yalikuwa madogo na makuti ya paa yalishuka chini sana. Chumba cha mama kilikuwa cha mwisho. Kuta zake zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa moshi wa taa za miaka mingi, na humo ndimo alimofia mdogo wangu aliyenifuata, kabla hajatimiza siku arobaini. Mama hakuwa akimtaja. Lakini aliposhika mimba tena na tumbo likawa kubwa, alimwambia baba jambo ambalo nililisikia nikiwa nimekaa mlangoni nachambua mchele: kwamba hatazaa tena ndani ya giza lile.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo, mtu wa maneno machache. Ijumaa ile baada ya swala alimwita mjomba wangu Rama, ndugu yake mama, aliyekuwa akifanya kazi ya usafi katika hoteli moja huko Galu. Ilitokea kwamba hoteli ile ilikuwa imemaliza kupaka upya ukumbi wake wa kulia, na msimamizi alikuwa amewaruhusu wafanyakazi wajichukulie rangi iliyobaki. Mjomba alikuja na madebe mawili yamefungwa nyuma ya baiskeli. Alituapia kwamba rangi ile ilikuwa nyeupe kama maziwa. Yeye mwenyewe alikuwa akipiga deki ukumbi ule jioni, taa za umeme zikiwaka, na alisema kwamba mtu akiingia mle humjia hamu ya kunong'ona.

Alipaka siku nzima, mlango wazi na dirisha wazi. Jua lilipoingia kupitia dirishani likaupiga ukuta wa pili, chumba kile chote kilipumua. Haukuwa weupe mkavu wa chokaa. Ulikuwa weupe laini, kama maziwa yaliyotoka kuchemshwa. Mama alisimama katikati, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya tumbo, akawa anageuka polepole akitazama kuta moja baada ya nyingine. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tulipozika.

Jioni fanusi ikawashwa, na kuta zikageuka. Sijui niseme nini zaidi ya hivyo. Rangi ilikuwa ile ile, ukuta ule ule, na mjomba alikuwa bado hajaosha mikono. Lakini maziwa yalikuwa yameondoka, na mahali pake palikuwa na manjano, manjano mazito kama mafuta ya samli, na sote tuliokuwemo tulikuwa na manjano hayo usoni na kwenye viganja. Mjomba aliisogeza fanusi ukutani, akaiondoa, akaupandisha utambi, akaushusha. Akauparuza ukuta kwa ukucha. Akasema labda rangi haijakauka.

Leo ninajua kilichotokea, na mtu yeyote aliyewahi kubadilisha balbu sebuleni anakijua. Rangi ile ilikuwa na tone la manjano ndani yake, dogo sana, kiasi ambacho mwanga wa jua uliliosha lisionekane. Taa za hoteli nazo zilikuwa nyeupe, zikaliacha limelala. Ila moto wa mafuta ya taa wenyewe ni wa manjano, na ulipokutana na lile tone ndani ya chumba kidogo, ukuta mmoja ukaurushia mwanga ukuta mwingine, na kila uliporushwa umanjano ukazidi. Lakini sisi hatukuyajua hayo. Shangazi Zuhura, dada yake baba, ambaye hakuwahi kuliona jambo asilitie mzaha, alisimama mlangoni akatutazama tukiwa tumekaa kitandani. "Haya, mmeingia chunguni," alisema. "Bado vitunguu tu, biriani iwe tayari." Mama alicheka, lakini nilimwona akiutazama ukuta baada ya sisi kunyamaza.

Ndugu yangu alizaliwa alfajiri moja wiki ile ile, mikononi mwa mkunga na mwa nyanya yangu, mamake baba. Baba alimwadhinia sikioni. Kisha mlango ukafungwa, na dirisha likafungwa, na tundu la dirisha likazibwa kwa kipande cha kanga, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Mzazi na mtoto hukaa ndani mpaka arobaini, upepo usiwapige wala jicho la mtu lisiwapate. Taa katika chumba cha mtoto mchanga haizimwi, mchana wala usiku. Nyanya aliyashika mambo haya kwa ukali kuliko kawaida, na kila mtu alijua sababu. Yule mtoto aliyekufa alikuwa amechungulishwa nje kabla ya siku zake, ndivyo alivyoamini, na hakuwa tayari kuliona kosa lile mara ya pili.

Kulikuwa na desturi nyingine, nayo ndiyo iliyonisumbua. Mtoto mchanga hasemwi. Ukimwona mzuri husemi mzuri. Utasema ana sura kama chura, ili jicho lisimkae. Na ukimwona ana ila, vile vile husemi, kwa kuhofia kumtabiria. Wageni walikuwa wakiingia, wakivua viatu, wakimsalimu mama, wakimtazama mtoto na kumtukana kwa mapenzi. Na kwa kuwa chumba kilikuwa tayari kimepata sifa kijijini, kila mtu aliongezea lake. Mmoja alisema mtoto naye amepakwa rangi na Rama. Shangazi Zuhura akajibu kwamba Rama alikuwa na haraka, hakusubiri hata atoke tumboni. Watu walicheka, ila mimi sikucheka.

Maana mimi nilikuwa nikimtazama. Kazi yangu ilikuwa kuleta makaa ya chetezo cha ubani na kuondoa vikombe vya uji wa pilipili manga, kwa hiyo niliingia na kutoka mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila nilipoingia nilimwona ni wa manjano zaidi kuliko nilivyomwacha. Nilijiambia ni ukuta. Niliingia na kofia nyeupe ya baba, iliyotoka kufuliwa, nikaiweka kando ya kichwa chake. Kofia nayo ikawa ya manjano. Nikapata nafuu, nikaenda kucheza. Lakini uani, katikati ya mchezo, nilikumbuka kwamba kofia ile huanza ikiwa nyeupe, nami sikuwa nimewahi kumwona mtoto nje ya chumba kile. Sikujua yeye alianza akiwa na rangi gani.

Tena alikuwa hasumbui. Wote walimsifu kwa hilo, maana utulivu ndicho kitu pekee kilichoruhusiwa kusifiwa. Alilala akipewa titi, akilegeza mdomo, na mama akimgusa shavu aamke naye akirudi usingizini. Nyanya alisema ni mtoto mwenye subira. Jioni moja alifumbua macho kidogo nikiwa nimeinama juu yake. Nikayatazama, kisha nikayatazama macho ya mama. Wote wawili walikuwa chini ya fanusi moja. Macho ya mama yalikuwa kama ile kofia. Ya mtoto yalikuwa na rangi nyingine, ya ndani kabisa, kama kiini cha yai.

Nilimfuata nyanya jikoni. Nilianza kwa kumsalimu upya, shikamoo nyanya, ingawa tulikuwa tumeshinda pamoja, na kwa hilo tu alijua nina jambo. Nikamwambia mtoto ana macho ya manjano. Alikiweka chini kibuyu alichokuwa ameshika.

"Mwanamisi," alisema, "chumba kizima kina macho ya manjano. Usimseme mtoto. Umenisikia? Mamako hawezi kulisikia neno hilo."

Hakuwa amenikemea kwa hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Nilielewa, kwa namna ambayo mtoto huelewa, kwamba naye alikuwa ameona kitu, na kwamba alikuwa ameshikilia ule ukuta kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeshikilia mlango usifunguke. Niliogopa zaidi kuliko kabla sijasema.

Mkesha wa akika ukafika. Kesho yake mtoto angenyolewa nywele na kupewa jina. Mbuzi alikuwa amefungwa uani chini ya ukuta wa jiko, na baada ya magharibi wanawake walijaa ukumbini wakimenya vitunguu na kuchambua mchele. Ili wapate kuona vizuri, baba alikuwa ameazima karabai kwa jirani, ile taa ya kutiwa upepo kwa pampu, iliyokuwa ikivuma kama nyuki na kutoa mwanga mweupe wa kuumiza macho. Iliangikwa mlangoni mwa ua. Kwetu sisi watoto ilikuwa ni sikukuu tayari.

Ndani chumbani, Shangazi Zuhura alikuwa akimkanda mama kwa maji ya moto. Tone la maji likaruka kwenye chemni ya fanusi, na kioo kikapasuka kwa sauti kali. Giza likaingia. Mama akaita, na kwa kuwa taa ya mtoto haizimwi, mtu mmoja ukumbini aliiangua karabai akaipitisha haraka mpaka ndani, nami nikaifuata.

Karabai ilipoinuliwa, kuta zikarudi. Zilirudi zote kwa mara moja, nyeupe, laini, kama siku ile ya jua, kama alivyoapa mjomba. Shangazi Zuhura, maji yakimdondoka mikononi, alizitazama akacheka. "Maskini Rama," alisema, "kumbe hakutudanganya." Uso wake ulikuwa umerudi weusi wake wa kung'aa. Nyanya alikuwa amerudi na mvi zake nyeupe. Shuka lilikuwa jeupe. Mama aliinua kichwa kwenye mto akazitazama kuta zake, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kujifungua.

Mimi nilikuwa nimemtazama mtoto.

"Mama," nilisema, "kila kitu kimerudi. Mtoto mbona yeye bado?"

Hakuna aliyenikataza. Juu ya shuka lile jeupe, mbele ya ukuta ule mweupe, ndugu yangu alikuwa wa manjano tangu utosini hadi kwenye nyayo, na kila mtu aliyekuwa amefanya mzaha wiki ile alikuwa akimwona kwa mara ya kwanza. Nyanya aliichukua taa kwa mkono wake. Akamfungua mtoto jicho kwa kidole gumba. Akambonyeza ncha ya pua akaachilia, na pale palipobonyezwa pakaonekana manjano matupu. Mama alikuwa ameanza kutikisa kichwa, akisema hapana, hapana, polepole, bila kumwambia mtu yeyote.

"Mtoeni," nyanya alisema. "Mwiteni mwenye lori la miwa, waende hospitali. Upepo tutauomba radhi baadaye."

Yeye ndiye aliyeing'oa kanga dirishani. Yeye ndiye aliyemfunga mama leso ya kiuno na kumshika mkono mpaka barabarani, mzazi ambaye hakuwa ametimiza hata siku saba. Baba alipanda na mtoto kifuani. Mama alinisimulia baadaye kwamba kabla lori halijatoka kijijini, baba alimwinamia mtoto akamwita jina lake sikioni, Bakari, bila kungoja asubuhi wala wembe wala wageni. Alihofia asije akafa bila jina.

Nilibaki na nyanya ndani ya chumba kile cheupe. Karabai ikipungukiwa upepo hulegea, na mwanga wake ukilegea huwa wa manjano. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda nikiutazama ukuta, na nikaona umanjano ukianza kurudi kutoka kwenye pembe. Nyanya naye aliuona. Akainuka, akapiga pampu mpaka kuta zikawa nyeupe tena, akakaa, akashika tasbihi. Ulipolegea akainuka tena. Hakulala mpaka mwenye taa alipoijia, na hata hapo alimwomba amwachie. Ukumbini vitunguu vilikuwa vimeachwa nusu vimemenywa, na mbuzi akilia uani.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Tulipata habari ya kwanza kutoka kwa dereva wa lori, nayo ilikuwa kwamba wamepelekwa Mombasa. Nyanya hakuuliza zaidi. Mbuzi aliendelea kufungwa pale pale akilishwa maganda, hakuna aliyethubutu kusema afunguliwe wala achinjwe. Baba aliporudi kunichukua, kwa kuwa mama alitaka kuniona, hakuniambia kitu njiani. Alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, na mimi nikahesabu kunyamaza kwake kuwa msiba.

Katika wodi ya hospitali nilipigwa na mwanga wa samawati. Walikuwa wamemlaza ndugu yangu chini ya taa za rangi hiyo, uchi, macho yamefunikwa kwa kitambaa, naye alikuwa wa samawati mwili mzima. Ukuta ulikuwa wa samawati. Mikono ya mama ilikuwa ya samawati. Nilijua kwamba amekufa na kwamba hivi ndivyo mtoto aliyekufa anavyoonekana. Nilipiga ukelele mmoja nikajificha kwenye kanzu ya baba. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya polepole, aliniondoa pale, akanyoosha mkono wangu mwenyewe chini ya taa. Ukawa wa samawati. Akautoa, ukarudi. Kisha akazizima taa zile kwa muda mfupi, akanionyesha. Ndugu yangu alikuwa wa rangi ya mtoto. Alikuwa ananyonya kidole.

Aliniambia kwamba umanjano ule unatokana na damu, kwamba watoto wengi huupata na kwa wengi hupita, lakini huyu wetu ulikuwa umemzidi. Alimwambia baba jambo jingine pembeni, ambalo nililijua baadaye: kwamba alichelewa kiasi, na huenda masikio yakabaki mazito. Baba alisema alhamdulillahi. Aliisema mara moja, na sauti yake haikutikisika.

Bakari yu hai. Anatengeneza vitanda huko Majoreni alikooa, na anazungumza kwa sauti kubwa kama mtu aliye ng'ambo ya mto, kwa kuwa masikio yake yalibaki mazito kama ilivyosemwa. Mbuzi wake wa akika alichinjwa baada ya yote hayo, akiwa amenona kwa maganda. Chumba kile mama alikipaka chokaa tupu, na dirisha likapanuliwa na mjomba Rama mwenyewe, ambaye hakujisamehe kwa upesi ingawa hakuna aliyemlaumu. Rangi yake haikuwa na kosa lolote. Ilitwambia mapema kwamba taa yetu inasema uongo, nasi tukaifanya mzaha.

Juzi hapa mjukuu wangu Saumu amejifungua. Anaishi Ukunda, katika nyumba ya kupanga yenye sakafu ya vigae, na alizalia hospitalini akaruhusiwa kesho yake. Nilikwenda kumpa mkono. Kuta za chumba chake zimepakwa rangi ya majivu, wanasema ndiyo inayopendwa siku hizi, na taa yake inaongozwa kwa kidude cha mkononi. Alitaka kunifurahisha. Akabonyeza, kuta zikawa nyeupe. Akabonyeza, zikawa na wekundu wa asubuhi. Akabonyeza tena, zikawa za manjano, manjano yale yale mazito ya samli, na mtoto mapajani mwangu akageuka pamoja nazo.

Zamani tulikuwa na taa moja, na hatukujua kwamba inatudanganya. Wao wana taa za kila namna na wanajua vyema kila moja inavyobadilisha ukuta. Huchagua udanganyifu wanaoupenda, na hakuna ubaya. Hawafungi dirisha kwa kuogopa upepo, lakini pazia lao ni zito na halifunguliwi, kwa ajili ya joto na macho ya jirani. Mimi nikiwa nimekaa pale nilijikuta nimekwisha geuka kutafuta dirisha. Nilimwomba afungue pazia.

"Nyanya nawe na mapazia yako," Saumu alisema akicheka. "Si nimeshaiweka nyeupe? Tazama, mzima huyu."

"Naona, mwanangu. Fungua hata hivyo."

Alifungua. Nilimpeleka mtoto dirishani, magoti yakiniuma, nikasimama naye kwenye jua la alasiri. Mwanga ulimpiga akakunja uso. Nilingoja. Nilipokuwa nikingoja sikuwa mwanamke mzee mwenye wajukuu, nilikuwa juu ya kitanda kile natazama pembe za ukuta. Kisha akafumbua macho. Yalikuwa meupe. Nilimtazama Saumu, nikayatazama tena ya mtoto, na yalikuwa bado meupe. Nikasema alhamdulillahi, mara moja kama baba, nikamwambia Saumu anipokee.

Kila asubuhi humpigia simu nikamuuliza kama amemtazama juani. Hunijibu kwa subira, Mungu amlipe.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akutilie nuru ndani ya nyumba yako na ndani ya macho yako. Akulindie watoto wako na wa jirani yako. Akupe dirisha la kufungua unapolihitaji, na mtoto wa kukuambia anachokiona, na moyo wa kumsikiliza mapema. Amin.